Masafa, Muda na Saa: Somo la Safari ya Ndege Kwenda Mumbai



Miongoni mwa safari ambazo watu wa mwambao wetu wamezizoea tangu zama za mababu ni kuvuka Bahari ya Hindi kwenda Mumbai, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Bombay mpaka jina lilipobadilishwa rasmi mwaka 1995. Zamani waliokwenda huko walikuwa mabaharia na matajiri wa biashara. Leo wafanya biashara wangali wakienda, lakini pamoja nao wako wanafunzi, na wako wagonjwa wanaofuata matibabu, na jamaa zao wanaowauguza.

Wengi katika hao hununua tiketi bila ya kujua kuisoma. Na asiyejua kusoma tiketi yake huenda akafika kiwanja cha ndege ilhali ndege imekwisha ondoka. Huenda akampa mgonjwa dawa kabla ya wakati wake au baada yake. Na huenda akafungua saumu kwa saa ya mji aliouacha nyuma. Makosa hayo yaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo chake ni kimoja, nacho ni kuchanganya mambo matatu ambayo yapasa kutenganishwa.

La kwanza ni masafa, yaani urefu wa njia. La pili ni muda, yaani kiasi cha wakati unaopita tangu kuondoka hata kufika. La tatu ni saa, yaani jina ambalo watu wa mji fulani wameupa wakati ule. Masafa baina ya miji miwili hayabadiliki. Muda hubadilika kwa chombo na kwa upepo. Saa hubadilika kwa mji. Na lugha yetu yazidi kututia mashakani, kwani neno "saa" twalitumia kwa kile chombo cha mkononi, na kwa muda, na kwa jina la wakati. Mtu akisema "ndege ni saa sita", hatujui kama asema kuwa yaondoka adhuhuri au kuwa safari yake ni ndefu kiasi hicho. Basi na tuyatazame moja baada ya moja.

1. MASAFA

Ardhi ni mviringo kama tufe, na mzingo wake ni karibu kilomita 40,000. Wataalamu wameugawa mzingo huo sehemu 360, na kila sehemu wameiita digrii. Ukigawa 40,000 kwa 360 utapata 111. Basi digrii moja juu ya uso wa ardhi ni kilomita 111. Hesabu hii moja ukiihifadhi yatosha kukupa masafa mengi.

Tuanze kwa mfano mwepesi. Mombasa iko digrii 4 kusini ya Ikweta, na Makka iko digrii 21.4 kaskazini yake. Miji hii miwili yakaribia kuwa juu ya mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini, na ndiyo sababu mtu wa Mombasa aelekeapo kibla huelekea kaskazini. Basi hapana la kufanya ila kujumlisha: 4 na 21.4 ni 25.4, na ukizidisha kwa 111 utapata karibu kilomita 2,800.

Sasa tuvuke bahari. Mumbai iko digrii 19 kaskazini, na mashariki ni digrii 73. Mombasa iko digrii 4 kusini, na mashariki ni karibu digrii 40. Kwa hiyo aendaye Mumbai hupanda digrii 23 kwenda kaskazini na digrii 33 kwenda mashariki, na njia yake yapita hanamu baina ya pande hizo mbili. Waliosoma hesabu ya pembetatu watakumbuka kanuni: 23 mara 23 ni 529, 33 mara 33 ni 1,089, jumla ni 1,618, na kipeuo chake cha pili ni 40 na kidogo. Zidisha kwa 111, utapata kilomita 4,460 hivi. Hesabu kamili ya tufe hutoa karibu 4,450. Tofauti hiyo haimdhuru msafiri.

Lakini fahamu kuwa kanuni hii yafaa karibu na Ikweta tu. Digrii za kwenda mashariki na magharibi huzidi kuwa fupi kila ukikaribia ncha za dunia, kama vipande vya chungwa vinavyobana kwenye kikonyo. Kwenye Ikweta digrii moja ni kilomita 111, lakini London ni kilomita 69 tu. Atakaye masafa ya London na New York achukue tufe la ramani na uzi, aunyooshe uzi huo baina ya miji hiyo miwili; ataona wapinda kuelekea kaskazini, ijapokuwa juu ya ramani ya karatasi njia fupi ilionekana kuwa iko chini zaidi. Urefu wa uzi huo ni karibu kilomita 5,550. Ramani ya karatasi ni kama ganda la chungwa lililobanwa likalala: haliwezi kulala bila ya kuvutika mahali.

Tena, njia ya ndege si lazima iwe njia ya msafiri. Wengi watokao Mombasa hupitia Nairobi, kilomita 420 hivi upande wa magharibi na kaskazini, kisha hupanda ndege ya kwenda Mumbai, kilomita 4,530. Kwa hiyo huwa wamekwenda kilomita 500 zaidi ya njia iliyonyooka. Anayetoka Nairobi akapitia Dubai huenda kilomita 3,550, kisha 1,930, jumla kilomita 5,480. Tiketi ya kuzunguka huenda ikawa rahisi kwa bei. Lakini mwenye kusafiri na mgonjwa na ahesabu njia nzima, pamoja na muda wa kungoja kiwanjani, kabla ya kufurahia bei.

2. MUDA

Masafa ya bahari hii ni yale yale tangu zama za jahazi. Kilichobadilika ni muda.

Mabaharia hupima kwa maili ya bahari, nayo ni sehemu moja katika sitini ya digrii. Digrii 40 za kwenda Mumbai ni maili 2,400. Jahazi likipata upepo mwema likaenda maili 4 kwa kila saa, usiku na mchana, litavuka kwa siku 25. Lakini upepo una majira yake. Kusi hulisukuma jahazi kwenda India, na kaskazi hulirudisha. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata hapo, alifika Calicut chini ya mwezi mmoja. Katika kurudi alitweka matanga kuiacha pwani ya India mwezi wa Oktoba, kaskazi haijasimama. Bahari ikamchukua karibu miezi mitatu, na watu wake wengi wakafa njiani. Bahari ni ile ile, na masafa hayakuzidi sana, lakini muda ulizidi zaidi ya mara tatu. Hapa pana dalili tosha kuwa masafa si muda.

Kisha zikaja meli za moshi. Meli iendayo maili 16 kwa saa, kama ikinyoosha bila ya kutia nanga popote, yavuka maili hizo 2,400 kwa siku sita na robo, haijali kusi wala kaskazi. Na mwaka 1950 Air India ilianza safari zake za ndege baina ya Bombay na Nairobi.

Ndege za leo hukata anga kwa mwendo wa karibu kilomita 870 kwa saa. Gawa 4,530 kwa 870, utapata muda wa saa 5 na dakika 12. Ongeza nusu saa kwa ajili ya kutambaa kiwanjani, kupanda juu, na kushuka taratibu. Ndipo utapata karibu saa 5 na dakika 45. Huo ndio muda wa wastani kutoka Nairobi mpaka Mumbai.

Je, ndege nayo haijali upepo? La, yaujali sana. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiwa nyuma, mwendo wa ndege juu ya ardhi huwa kilomita 930 kwa saa. Ukiwa mbele, huwa 810. Tofauti ya hali hizo mbili katika safari hii ni karibu dakika 45. Lakini upepo wa huko juu si huu wetu wa chini. Kuanzia Juni mpaka Septemba, kusi inapovuma juu ya bahari kuelekea India, kule kwenye kimo cha ndege na zaidi upepo hutoka mashariki, kinyume kabisa na kusi. Upepo huo ulielezwa na mtaalamu wa hali ya hewa wa India, P. Koteswaram, katika makala yake ya mwaka 1958. Na katika majira ya kaskazi, upepo wa chini unapotoka India kuja kwetu, huko juu, hasa kwa upande wa India, upepo hutoka magharibi. Basi siku zile ambazo nahodha angefurahi kwenda India, rubani wa ndege hupambana na upepo. Na siku ambazo nahodha angengoja bandarini, rubani husukumwa mbele. Kwa sababu hiyo usishangae ukiona muda wa safari ile ile umetofautiana katika tiketi za Januari na za Julai.

3. SAA

Jua huonekana kuizunguka ardhi yote, digrii 360, kwa siku moja. Kwa hiyo hupita digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Baina ya Mombasa na Mumbai pana digrii 33 na kidogo. Zidisha kwa 4, utapata dakika 133, yaani saa 2 na dakika 13. Hiyo ndiyo tofauti ya jua. Jua likichomoza au likifika kichwani, Mumbai hutangulia kwa kiasi hicho, pamoja na tofauti ndogo za majira.

Lakini saa za ukutani huwekwa na serikali. Kenya imechagua kutangulia saa ya Greenwich kwa saa 3, na India kwa saa 5 na nusu. Tofauti yao ni saa 2 na nusu, na dakika 17 zilizozidi hazikutoka katika jua. Utaliona jambo hili katika wakati wa adhuhuri: Mombasa, kwa wastani wa mwaka, jua hufika kichwani saa 6 na dakika 21, Mumbai hufika saa 6 na dakika 38. Basi aendaye huko asichukue orodha ya nyakati za swala ya Mombasa akaongeza saa 2 na nusu, akadhani amepata. Achukue orodha ya mji wenyewe.

Sasa tuchukue mfano wa tiketi, nao ni mfano tu wala si ratiba ya shirika lolote. Ndege yaondoka Nairobi saa 11 jioni na muda wake ni saa 5 na dakika 45. Itakapotua, saa ya Nairobi itakuwa 4 na dakika 45 usiku. Ongeza saa 2 na nusu: Mumbai itakuwa saa 7 na robo usiku. Mtu akitazama tiketi ataona ameondoka saa 11 akafika saa 7 na robo, akadhani amesafiri muda wa saa 8 na robo. Katika kurudi ndege yaondoka Mumbai saa 11 alfajiri na muda wake ni saa 6 na robo. Ikitua, Mumbai ni saa 5 na robo asubuhi. Toa saa 2 na nusu, Nairobi ni saa 3 kasorobo. Kwa tiketi yaonekana safari ni ya saa 3 na dakika 45 tu!

Kuna njia nyepesi ya kuupata ukweli. Jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na unaoonekana wa kurudi, kisha ugawe kwa mbili. Saa 8 na robo na saa 3 na dakika 45 ni saa 12. Nusu yake ni 6. Huo ndio wastani wa kweli wa safari moja. Tofauti ya saa za miji iliongezwa katika kwenda na ikatolewa katika kurudi, basi zimefutana.

4. SIKU NA TAREHE

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 kuanzia usiku wa manane. Sisi twahesabu saa zetu tangu kuchomoza jua na tangu kuchwa. Kugeuza ni rahisi: hesabu ya tiketi ikiwa 06:00 au chini yake, ongeza sita, ikiwa zaidi, toa sita, na ikizidi kumi na mbili toa tena kumi na mbili. Kwa hiyo 01:30 ni saa 7 na nusu usiku. 17:00 ni saa 11 jioni. 22:45 ni saa 4 na dakika 45 usiku.

Lakini usiku upi? Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 01:30 ina maana ya usiku unaoamkia Ijumaa, si usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Mtu hufunga mizigo yake, akaswali Ijumaa msikitini, akaagana na jamaa, na jioni akaenda kiwanjani. Na ndege yake imekwisha ondoka tangu kabla ya alfajiri. Nauli imepotea, na miadi ya tabibu imepotea pamoja nayo.

La ajabu ni kuwa hesabu ya wazee wetu ingemwokoa mtu huyu. Siku kwa Waislamu huanza magharibi, na usiku hutangulia mchana wake; "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ufuatao Alhamisi kuchwa. Baada ya usiku wa manane hesabu hii na ya tiketi huafikiana kabisa. Basi ishike kanuni hii: kila tiketi yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, nenda kiwanjani jioni ya siku iliyotangulia tarehe ile. Na kwa kuwa wasafiri wa ng'ambo hutakiwa wafike saa tatu kabla, mwenye tiketi ya Ijumaa 01:30 awe yuko kiwanja cha Nairobi Alhamisi saa 4 na nusu usiku, na atoke Mombasa Alhamisi hiyo mapema.

5. DAWA, SWALA NA SAUMU

Dawa hufuata muda, haifuati saa ya mji. Tuseme mgonjwa anywa dawa kila baada ya saa 8, naye amekunywa Nairobi saa 8 mchana. Dawa ifuatayo ni saa 4 usiku kwa saa ya Nairobi, nayo kwa Mumbai ni saa 6 na nusu usiku. Lau ataigeuza saa yake kisha akanywa inaposema saa 4 usiku, atakuwa amekunywa baada ya muda wa saa 5 na nusu tu. Katika kurudi atakosea kinyume chake, na atachelewa saa 2 na nusu. Dawa nyingine huvumilia hayo, na nyingine hazivumilii. Na mwenye kupiga sindano ya sukari amo katika hatari zaidi, kwani sindano yake imefungamana na chakula. Jambo la salama ni kumwendea tabibu kabla ya safari, mkononi una tiketi, akuandikie nyakati. Na mwuguzi aiache saa moja ya mkononi bila ya kuigeuza mpaka safari iishe, kwani simu nyingi hujigeuza zenyewe zikifika.

Swala na saumu ni kinyume cha dawa: hizo hufuata jua la mahali alipo mtu, hazifuati muda wala saa ya mji alikotoka. Aendaye mashariki mchana wake hufupika; arudiye magharibi mchana wake hurefuka, kwani ndege yakimbia upande ule ule lielekeako jua. Haiwezi kulifikia, maana penye Ikweta ardhi huzunguka kilomita 1,670 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa ndege. Lakini huchelewesha kuchwa kwake. Tena, aliye juu kilomita 11 huona mbali zaidi, na jua humchwea karibu robo saa baada ya kumchwea aliye chini yake juu ya bahari. Basi aliyefunga naye yumo ndegeni asifungue kwa saa ya Mombasa wala ya Mumbai, bali atazame jua dirishani. Na atakayeona uzito, ruhusa ya msafiri ipo, naye atalipa siku nyingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndege yaondoka Nairobi 09:00, na muda wake ni saa 5 na dakika 45. Yafika Mumbai saa ngapi kwa hesabu yetu?
2. Tiketi imeandikwa Jumatatu 02:15 kutoka Nairobi. Msafiri awe kiwanjani lini?
3. Mgonjwa amekunywa Mumbai saa 2 usiku dawa ya kila saa 12, kisha akapanda ndege ya kurudi. Atakunywa tena saa ngapi kwa saa ya Nairobi?
4. Lamu iko digrii 2 kusini na 41 mashariki. Toka hapo mpaka Mumbai ni kilomita ngapi?

Majibu: (1) Saa 11 na robo jioni. (2) Jumapili, saa 5 na robo usiku. (3) Saa 11 na nusu alfajiri. (4) Karibu kilomita 4,250. Kwa hiyo Lamu iko karibu zaidi kuliko Mombasa kwa kilomita 200 hivi.

Aliyejibu manne haya bila ya kutazama nyuma, tiketi yake haitamdanganya. Naye asiwe bakhili wa alichokijua, bali amsomee jirani yake tiketi kabla ya siku ya safari, na amwandikie ubavuni mwake, kwa saa zetu na kwa siku zetu, wakati wa kutoka nyumbani.